Simu yazima ikiwa na asilimia 30: nitie betri ama niongeze pesa nipewe mpya?

"Asalaam aleikum fundi. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa. Simu yangu ya Android nilinunua mpya 19,500 mwaka 2022, yatumika kutwa kwa ramani na kupokea wateja, nimeifunga kwenye kioo cha mbele na chaja iko hapo hapo. Sasa hivi ikifika asilimia 30 yazima ghafla, nikiichomeka yawaka yasema 28. Niliambiwa niiache iishe hadi sifuri halafu niichaji usiku kucha ili betri izoee upya, nimefanya hivyo wiki mbili na naona imezidi. Duka moja wataka kuichukua kwa 4,000 niongeze 15,000 wanipe mpya. Fundi mwengine asema betri na kazi yake ni 1,800. Nifanye lipi? Na nikichukua mpya nitaitunza vipi isije ikawa kama hii?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Najua uko kazini kwa hivyo nakupa jibu mwanzo: tia betri, usiitoe hiyo simu kwa 4,000, labda iwe ina moja kati ya kasoro nitakazokutajia huko chini. Lakini hilo swali lako la mwisho ndilo lenye uzito zaidi na ndilo litakalonifanya niandike sana, manake vile nionavyo hiyo simu haikuuliwa na uzee, imeuliwa na pale mahali ulipoifunga. Ukichukua mpya ukaifunga pale pale kwenye kioo, kaskazi mbili hazipiti utakuwa unaniuliza tena swali hili hili.

Tuanze na hii ya kuiacha iishe hadi sifuri, tafadhali iwache leo leo. Aliyekwambia hakukuwa na nia mbaya, hayo maneno yalikuwa kweli zamani. Simu za miaka ya tisini nyingi zilikuwa na betri za nikeli, na zile za nikeli na kadimiamu zilikuwa na tabia ya kuzoea, ukizichaji kabla hazijaisha zajifanya ndogo. Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na waliozigundua wakaja kupewa Nobeli ya kemia mwaka 2019, na hizi hazina kabisa ile tabia. Simu yako ni ya lithiamu. Kuimaliza hadi sifuri kila siku ni kuichosha bure, na kwa betri ambayo tayari ni dhaifu ndiyo wazidi kuisukuma, ndio maana ukaona imekuwa mbaya zaidi baada ya wiki mbili. Kitu kimoja tu cha kweli kilichobaki hapo ni kuwa kile kipimo cha asilimia huwa chapotea hesabu, na ukiimaliza mara moja ukaijaza yote kipimo chajirekebisha, lakini hiyo yarekebisha namba kwenye skrini tu, betri yenyewe haipati uzima wowote.

Sasa kwa nini izime na 30 halafu ikichomekwa iseme 28? Hili wengi huona kama simu yadanganya, kumbe 28 ni kweli imo.

Hebu fikiria tangi la maji juu ya nyumba, na nyumba yenyewe iwe yatumia maji ya kisima, yale ya kwetu yenye chumvi. Mwanzo ukifungua mfereji maji yaja kwa nguvu. Baada ya miaka mitatu bomba ndani limeshika ile chumvi nyeupe ngumu, njia imebaki kama kidole cha mtoto. Tangi bado lina maji, panda juu uchungulie utayaona, lakini ukifungua mifereji miwili kwa pamoja chini hakutoki kitu cha maana. Betri yako iko hivyo hivyo. Ndani yake kuna pande mbili, upande mmoja ni grafaiti, ile ile nyeusi ya ndani ya penseli, na upande wa pili ni madini ya kikemikali yenye lithiamu, na chembe za lithiamu zenda na kurudi katikati yake kila unapochaji na kutumia. Juu ya ile grafaiti hujitengeneza ngozi nyembamba tangu betri ikiwa mpya kabisa, na ngozi hiyo ni nzuri, yailinda. Tatizo ni kuwa kila siku yaongezeka unene kidogo, na joto ndilo linaloinenepesha kwa haraka. Ikinenepa yafanya mambo mawili kwa pamoja: yala lithiamu iliyokuwa itumike, kwa hivyo tangi lapungua, na yabana njia, kwa hivyo bomba lawa jembamba.

Sasa wewe ukiwa barabarani umewasha ramani, skrini iko kali kabisa sababu ya jua, data yavuta, simu ya mteja yaingia, hapo umefungua mifereji yote kwa mpigo. Betri yatakiwa itoe umeme mwingi ghafla, njia imebana, volti zaanguka chini ya kile kiwango ambacho simu yahitaji ili isimame, simu yajizima. Ukiichomeka chaja yasaidia, mzigo wapungua, yawaka yasema 28 kwa sababu hiyo 28 kweli ilikuwamo ila haikuweza kutoka. Ukiona hivi jua ni betri, mara nyingi sana ni betri, na hakuna programu ya kuitengeneza wala kuriseti kutakakoisaidia. Nimeshaona watu wakiriseti simu mara tatu, wakapoteza picha za harusi za watoto wao, na simu bado yazima na 30.

Basi turudi kwenye kioo chako. Mombasa mwezi wa pili na wa tatu kivulini tu hufika nyuzi 32 na zaidi. Kampuni kama Apple wasema simu zao zitumike mahali pasipopita nyuzi 35, na betri ni kitu kile kile hata simu iwe ya nani. Sasa wewe umeiweka nyuma ya kioo, jua lapiga moja kwa moja kwenye mgongo mweusi wa simu, ndani ya kava la raba, skrini yawaka mwanga wote, na juu ya hayo yote yachajiwa, na kuchaji kwenyewe kwazalisha joto. Weka kiganja chako nyuma ya simu saa saba mchana ukiwa umepaki. Ukishindwa kuhesabu hadi kumi bila kuondoa mkono, betri iko katika hali mbaya kuliko unavyodhani.

Kuna vipimo mafundi wa betri hutumia sana, navyo ni hivi: betri ya lithiamu iliyokaa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40 hubaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Ile iliyokaa mwaka huo huo kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa pomoni hubaki na 65. Na hapo ni kukaa tu, haikutumika hata siku moja. Soma tena hizo namba ndugu yangu, manake ndizo zitakuokolea pesa. Vitu viwili vyaua betri, joto na kukaa imejaa, na vikikutana pamoja ndiyo balaa. Wewe hapo kwenye kioo wavikutanisha kila siku, simu iko 100 na chaja bado imechomekwa na jua lawaka.

Halafu kuna matumizi yenyewe. Betri huhesabiwa kwa mizunguko, mzunguko mmoja ni kutumia asilimia 100 kwa jumla, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. iPhone hadi zile za 14 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, kuanzia 15 wakasema 1,000, na Ulaya tangu Juni 2025 sheria yataka simu mpya zifike mizunguko 800 kabla hazijashuka chini ya 80. Mtu wa ofisini atumia mzunguko mmoja kwa siku ama chini yake. Wewe dereva nakisia watumia mmoja na nusu mpaka miwili, sasa piga hesabu ya tangu 2022, umeshapita elfu na mamia. Kwa hivyo betri hiyo imekufanyia kazi, haikukuangusha.

Sasa, yafaa kubadilisha ama kutia betri? Mimi naangalia hivi. Dukani watachukua simu kwa 4,000 wakijua fika kuwa kilichoharibika ni betri. Wakishaitoa betri hiyo wakatia nyengine, simu yauzwa kwa bei nzuri, na hiyo faida ilikuwa yako. Silaumu mfanyabiashara, naye ana kodi ya duka, lakini usimpe faida hiyo bila kujua. Kwa 1,800 wapata simu itakayokaa na chaji kama mwanzo, na hata ukitaka kuibadilisha baada ya hapo, wenda na simu nzima isiyo na lawama na waweza kubishana bei.

Ila kuna hali ambazo ningekwambia ongeza pesa uchukue mpya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta pale pa sasisho la usalama, angalia tarehe. Ikiwa ya mwisho ni ya miaka miwili nyuma na kampuni imeshaacha kuitengenezea, na wewe pesa zako zote za M-Pesa na benki zapita humo, hiyo ni sababu ya haki ya kuhama. Pia kama simu yapata moto hata ikiwa imelala haifanyi kitu. Hapo mpelekee fundi mwenye kile kipima umeme cha mezani, muombe atoe betri na aiwashe bodi, ule ubao wa umeme wa ndani ya simu, kwa umeme wa kipimo mbele yako. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha ile sindano ama namba yatakiwa iwe sifuri. Ikiwa yavuta umeme simu ikiwa imezimwa, kuna kitu kwenye bodi kinavuja, na betri mpya itaisha vile vile. Kipimo hicho ni dakika tano na fundi mzuri hatakataa. Akikataa nenda kwa mwengine, kuanzia Mwembe Tayari hadi Digo Road mafundi hawakosi.

Na kabla ya yote hayo chungulia tundu la chaja kwa tochi. Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi na unyevu, na tuktuk ina vumbi, nimeshatoa kwenye tundu moja uzi wa mfukoni uliogandamana na mchanga mpaka ukawa kama kizibo, na mwenye simu alikuwa ameshaambiwa atoe pesa ya bodi. Zima simu, tumia kijiti cha meno, kwaruza polepole pembeni, usitie sindano. Ukiona rangi ya kijani kwenye zile pini hiyo ni kutu, mwachie fundi.

Kitu kimoja hakina subira: kufura. Vua kava, laza simu juu ya meza iliyo sawa, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia ya kuchezea watoto, ama ukiona mfuniko wa nyuma umeinuka, ama mwanga watoka pembeni ya skrini, betri imejaa gesi. Usiichaji tena hata mara moja, usiibonyeze irudi, usilale nayo kitandani. Iweke sakafuni mahali pa wazi mbali na godoro na pazia, na asubuhi yake iende kwa fundi, hiyo si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Kuna mama mmoja wa Kisauni aliniletea yake ameifunga kwa raba ya nywele ili skrini isidondoke, alikuwa aichaji hivyo hivyo chini ya mto kwa wiki nzima. Nilishika kichwa.

Ukienda kutia betri, muulize fundi hiyo betri imekaa dukani muda gani. Betri yazeeka hata kwenye pakiti, kama ulivyoona kwenye zile namba, na nyingi zina tarehe ya kutengenezwa imeandikwa kwenye karatasi yake. Ya miaka mitatu iliyopita usiitake hata iwe orijino. Usivutwe pia na maandishi makubwa, ikiwa betri yako ya zamani ni ya mAh 5,000, yaani kipimo cha ujazo wa betri, na ile ya kuuziwa imeandikwa 7,000 na ni nyembamba na nyepesi kuliko ya kwako, hiyo namba ni ya karatasi tu. Mwambie akupe garantii japo ya miezi mitatu na akuandikie risiti. Na ujue mfuniko ukishafunguliwa ile gundi ya kuzuia maji yaondoka, kwa hivyo hata kama simu yako yasemekana haiingii maji, kuanzia hapo mvua ya masika uiogope.

Kuhusu hizi hofu nyengine watu huniuliza kila siku, kuchaji usiku kucha hakulipui simu nzima yenye chaja nzima, simu ikijaa yakata yenyewe. Ubaya wake ni kule kukaa imejaa masaa sita. Simu nyingi sikuizi zina pahali pa kuizuia isipite 80, itafute kwenye mipangilio ya betri uiwashe, na siku ya safari ndefu uitoe. Chaja ya kasi nayo si adui, adui ni joto lake, itumie kivulini ukiwa na haraka. Kuitia simu kwenye friji ili ipoe usifanye, ukiitoa kwa unyevu wetu huu matone ya maji yajitengeneza mpaka ndani kwenye bodi. Na ile ya kufunga programu zote kila dakika haisaidii, simu yatumia nguvu zaidi kuzifungua upya. Kinachokula chaji kweli ni mwanga wa skrini na mtandao dhaifu, ndio maana ukiingia vichochoro vya Mji wa Kale penye zile kuta nene za mawe simu yaanza kutafuta mnara kwa nguvu na yashuka haraka.

Kwa kazi yako wewe, mimi ningefanya hivi. Kishikio kitoke kwenye kioo kishuke chini karibu na usukani, pale ambapo jua halifiki na upepo wapita, tuktuk iko wazi na upepo ni wa bure. Kava la raba livuliwe ukiwa wachaji. Anza siku na 80, ikishuka 30 chomeka, ikifika 80 chomoa, na uchomeke zaidi wakati umepaki kivulini wasubiri abiria kuliko wakati ramani yawaka. Chaja ya tuktuk nunua nzuri kidogo, zile za bei ya chee umeme wake watoka mchafu. Dalili yake ni hii: ukiichomeka, skrini yaanza kurukaruka ama kujibonyeza yenyewe, ukichomoa yatulia. Ukiona hivyo itupe siku hiyo hiyo.

Na ikiwa mwisho utaamua kubadilisha, kwa sababu ya sasisho ama bodi, basi simu usiitoe mkononi kabla hujaisafisha mwenyewe. Hifadhi picha na WhatsApp kwanza. Toa akaunti ya benki, toa laini, toa memori kadi. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya Google uitoe kwenye simu, ndipo uriseti, usianze na kuriseti, manake ukiriseti akaunti ikiwemo simu yajifunga kulinda wizi na yule mwenye duka atakupigia jioni kutaka neno lako la siri, na hilo usimpe mtu yeyote. Kama ni iPhone, ondoka iCloud kwanza. Bonyeza *#06# kwenye simu zote mbili, yako na hiyo utakayopewa, namba zinazotokea ziandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe na jina la duka, ili kesho simu yako ikifanyiwa uhalifu na mtu mwengine uwe na karatasi ya kuonyesha. Na hiyo utakayopewa, ikiwa si mpya ya kwenye boksi, iulizie kama ilichukuliwa kwa mkopo wa kulipa mdogo mdogo. Kama deni halijaisha, simu yaweza kufanya kazi vizuri wiki moja halafu yajifunga mkononi mwako, na deni si lako.

Betri ya zamani ikishatolewa, mwambie fundi akupe uione ni kweli imetoka kwenye simu yako. Ziba zile pini zake kwa selotepu halafu umrudishie aiweke na nyengine za kupelekwa kwa wanaokusanya taka za umeme. Usiitupe kwenye taka za nyumbani, zile zenda hadi jalala la Mwakirunge, na kule kuna watu waokota vyuma na moto huwashwa.